Sifa za Pikapu Inayosukumwa

Wengi hununua gari liwafikishe waendako. Mimi hatua hiyo nimeshaipita. Nina pikapu ya Kijapani ya mwaka 1994, injini ya dizeli, lita 2.8, silinda 4, na katika miaka 7 niliyokaa nayo nimejifunza kwamba kufika ni jambo dogo mno. Jambo lenyewe ni kuondoka.

Naiegesha Malindi, ukingoni mwa Mji Mkongwe wa Unguja. Vichochoro vya ndani havipitishi gari, na pale sokoni kwa samaki, kwa rehema za Mungu, hawakosekani vijana wenye nguvu. Kila asubuhi napiga bismillahi, nazungusha ufunguo, stata inajibu mara moja kwa sauti ya mtu aliyeamshwa kwa nguvu, kisha inarudi kulala. Hapo ndipo watu hukusanyika. Muuza pweza anaacha pweza wake. Hamali anaacha mkokoteni wake. Mtu mmoja ninayemdai fedha tangu Ramadhani ya mwaka juzi husukuma kuliko wote, na kwa heshima ya msukumo wake nami simkumbushi. Haya, mwenye gari jipya, apitaye na vioo amevipandisha, atazijua vipi nguvu za jirani zake?

Isipowaka hata kwa kusukumwa, huja zamu ya baraza. Barazani kwetu wamo mabingwa watano wa dizeli, na wote hutibu bila kunyanyuka wala kuweka chini kikombe cha kahawa. Wa kwanza husema ni pampu. Wa pili husema nozeli. Wa tatu, plagi za kupashia moto. Wa nne ana shemeji yake Mwanakwerekwe anayeuza vyote vitatu. Wa tano husema ni husda, na sina budi kukiri kwamba huyo ndiye pekee ambaye ushauri wake haujanigharimu hata senti moja.

Kwa asiyejua, injini ya dizeli haina cheche. Huvuta hewa ikaibana mpaka ikabaki kiasi cha sehemu moja kati ya 22 ya ilivyokuwa. Hewa ile hupata joto la zaidi ya nyuzi 500, nozeli ikanyunyiza dizeli, na dizeli ikajiwakia yenyewe. Rudolf Diesel alifanikiwa kuiendesha sawasawa mwaka 1897, huko Augsburg, Ujerumani. Mwaka 1913 alipanda meli usiku kwenda Uingereza, na asubuhi chumba chake kikakutwa kitupu. Maiti yake ilionekana baharini siku kadhaa baadaye. Wanahistoria wanabishana mpaka leo juu ya kilichomsibu. Barazani kwetu hawabishani. Mtu aliyeivumbua dizeli, wanasema, ana kila sababu ya kutaka kuwa mbali nayo ikifika asubuhi.

Sifa yake nyengine ni ukweli. Gari la kisasa likiumwa, hutiwa mashine, na mashine ikataja ugonjwa kwa namba ambazo fundi peke yake ndiye anayezisoma, na bei yake pia ni yeye anayeisoma. Pikapu yangu haina kompyuta hata moja. Maradhi yake huyatangaza kwa moshi, hadharani, mtaa mzima ukashuhudia. Moshi mweupe: dizeli inatoka bila kuungua, aghalabu silinda bado zimepoa na plagi za kupashia moto zimekufa. Moshi mweusi: dizeli nyingi, hewa haba, filta ya hewa imejaa vumbi au nozeli zinamwaga badala ya kunyunyiza. Moshi wa buluu: injini inakunywa oili yake yenyewe. Siku zenye baraka nimeziona rangi zote tatu kabla ya kufika Darajani.

Wanaolalamikia moshi na kelele wana usahaulifu. Umeme wetu huja kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni mpaka Fumba. Desemba 2009 mambo yaliharibika, na Unguja ikakaa gizani mpaka Machi 2010. Miezi 3 ile jenereta zilinguruma mlango kwa mlango, na mji mzima ukanuka na kutetemeka kama pikapu yangu. Hakuna aliyesema ni kero. Tulisema: alhamdulillahi, umeme upo.

Pia ni pikapu yenye mapenzi na mji wake. Rejeta yake naitia maji ya kisima. Kisiwa chetu ni cha mawe ya chokaa, na maji yake yana chokaa. Atakaye ushahidi afunue birika lake la chai atazame ukoko uliomo ndani. Dawa ya rejeta huuzwa madukani, rangi ya kijani au nyekundu, lakini mimi sioni sababu ya kununua maji. Mji Mkongwe umejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, nami taratibu nimeujengea tawi ndani ya rejeta. UNESCO iliuingiza Mji Mkongwe katika Urithi wa Dunia mwaka 2000. Kwenye rejeta bado hawajafika, ingawa vijia vyake navyo sasa ni vyembamba vya kutosha.

Na chumvi je? Mara kwa mara huishusha pikapu Paje na Jambiani wakati wa maji kupwa, kubeba mwani wa kina mama. Kilimo hicho kilianza kwetu kibiashara mwaka 1989, na mwani mbichi haubebeki bila kumwaga bahari yake njiani. Maji yale hupita kwenye bodi, yakashuka kwenye chasisi, yakatulia kila penye kona. Dawa yake ni ndoo mbili za maji matamu, uvunguni, jioni hiyo hiyo. Mimi jioni huwa nimechoka. Matokeo yake, sakafu upande wa abiria imejifungulia dirisha. Abiria wangu huiona lami ikipita chini ya miguu yake, akawa na yakini kwamba tunakwenda, jambo ambalo kwa kutazama mbele tu si rahisi kulithibitisha.

Mwaka 2003 Waingereza wa kipindi cha Top Gear waliichukua Toyota Hilux kuukuu ya dizeli wakataka kuiua. Waliifunga ufukweni mpaka maji yakajaa na kuifunika, wakaitia moto, wakaipandisha juu ya jengo la ghorofa lililobomolewa kwa baruti, na kila mara fundi aliigusa kidogo ikawaka. Dunia ilishangaa. Sisi Unguja tulitikisa vichwa tu. Hawa ni watu wenye haraka. Wangetaka kuiua kweli, wangeipeleka Paje ikabebe mwani miaka 5, na ile ndoo ya maji wakaikusudia kesho.

Sifa kubwa kuliko zote niliiona siku ya harusi ya binti wa dada yangu. Niliaminiwa vyombo: kitanda, kabati la kioo, magodoro mawili, masufuria kwa idadi ya ukoo. Safari ilikuwa ya Makunduchi. Baada ya Unguja Ukuu pikapu ilianza kupungua pumzi, ikivuta na kuachia, ikivuta na kuachia, na kwenye miti ya Jozani ikatoa moshi mmoja mnene, wa kuagia, ikazima.

Jozani ndiko kwao kima punju, mnyama ambaye asili yake ni kisiwa chetu tu, hana kwao kwengine duniani. Watafiti wanasema kwamba kima hawa hula makaa, wakidokoa kwenye matanuri ya watu, kwa sababu majani ya miembe na mikungu wanayoyapenda yana sumu, na makaa huipoza. Basi alishuka mmoja mkubwa, akakaa juu ya kabati la bibi harusi, akautazama ule moshi ukipanda, kwa jicho la mteja. Wageni walisimamisha magari wakapiga picha. Binti yetu pengine ndiye bibi harusi wa kwanza ambaye kabati lake limetazamwa na Wazungu wengi hivyo kabla hata yeye hajalifungua. Vyombo vilimalizia safari kwa lori la mchanga, baada ya Isha. Dada yangu hajasema nami tangu siku ile, na simu yangu imepumzika.

Ndipo ukaanza msimu wa matibabu. Fundi wa kwanza, mtu mzima mwenye heshima zake, aliitii baraza. Pampu ikafunguliwa, ikapanda boti kwenda Dar es Salaam kupimwa, ikakutwa nzima, ikatengenezwa hata hivyo kwa kuwa ilikuwa imeshafika. Nozeli zikabadilishwa. Plagi nne za kupashia moto zikabadilishwa. Wiki tatu. Kila kitu kikarudi mahali pake kiking'aa, stata ikazunguka kwa bashasha, na pikapu ikakataa kama ilivyokataa Jozani. Niliiheshimu. Ni wachache wanaoshika msimamo baada ya kutumiliwa fedha kiasi kile.

Fundi wa pili alikuwa kijana mdogo, mikono myembamba. "Shikamoo, mjomba," akasema, akaingia uvunguni bila kuuliza baraza imeamua nini. Alichomoa mpira unaoleta dizeli kwenye filta, akaweka mahali pake kipande cha mpira mwangavu, urefu wa shubiri. "Zungusha, mjomba." Nikazungusha. Ndani ya ule mpira mwangavu dizeli ilikuja na mapovu, madogo madogo, yakifuatana kama ushanga.

"Inavuta upepo," akasema.

Alifuata bomba mpaka kwenye tangi. Pale juu, mpira ulikuwa na ufa mwembamba kama unywele, si mrefu kuliko ukucha. Dizeli haikuvuja, kwa sababu pampu huvuta. Badala ya dizeli kutoka, hewa ndiyo ilikuwa ikiingia, na hewa ikijaa kwenye pampu, nozeli hazina cha kunyunyiza. Aliutoa, akatia mpira mpya. Akabonyeza kitufe cha mkono kilichopo juu ya filta, mara 30, mara 40, mpaka kikawa kigumu chini ya kiganja. Akalegeza nati nne za mabomba ya nozeli kwa spana ya 17, nikazungusha, kila nati ikaloa dizeli, akazikaza moja moja. Injini ikashika kwa silinda mbili, ikapepesuka, ikashika ya tatu, ikashika ya nne. Baraza nzima iliweka vikombe chini, kwa mara ya kwanza katika historia yake.

Bei ya ule mpira haikufika bakuli mbili za urojo.

Kisha akalegeza koki chini ya filta, akakinga chupa. Yalitoka maji, rangi ya chai iliyochacha, robo chupa, na dizeli kidogo ikaelea juu. Akaingia ndani, akatazama dashibodi, akagusa kipande cha utepe mweusi.

"Mjomba, hapa pana taa ya maji kwenye filta. Haikuwaka?"

"Iliwaka."

"Sasa?"

"Ilikuwa ikinisumbua macho usiku."

Yule kijana alinyamaza kwa adabu, akafuta mikono.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakusema kwamba wajenzi wa ukuta ndio wanaokusanya watu, ndio wanaonywewa kahawa, ndio wenye hadithi za kusimulia. Aliyeziba ufa wake hana cha kusimulia barazani. Ameamka, amewasha, ameondoka.

Lakini kwa kuwa nimeahidi kusifu, nisifu kwa haki. Koki ya filta hulegezwa kwa vidole viwili, bila spana, na maji humalizika kutoka kwa dakika 5. Mpira wa dizeli hutazamwa kwa macho. Chumvi huoshwa kwa ndoo mbili. Katika miaka 7 ile pikapu haijanikosea hata mara moja. Kila ilichokitaka ilikiomba mapema, tena kwa taa. Kama pana kero Malindi, si yeye. Na utepe, mpaka naandika haya, sijauondoa.