Shangazi, Dereva Haondoki!

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mwalimu hapa Tukuyu. Nilinunua laptopu ya mtumba Mbeya, nikaiwekea Ubuntu. Tangu mvua zianze, mshale unarukaruka wenyewe. Swali la 7 la mtihani limetumbukia katikati ya la 3. Fundi anasema tachipadi imeingia unyevu, nimwondoe dereva wake. Namwondoa, lakini kila nikiwasha keshaingia. Nifanyeje?*
*Mwalimu, Bulyaga*

Marahaba, mwanangu. Niliposoma "dereva haondoki" nilidhani ni yale yale ya Kosta za Mbeya, nikaanza kuandaa nasaha za ndoa. Kumbe wako haendeshi gari.

Unyevu wa Rungwe naujua, kwangu hata chumvi hulia ndani ya kopo. Kwanza chomeka kipanya cha USB, usije ukabaki huna cha kusogezea mshale. Kisha fungua terminali uandike `lsmod | grep psmouse`. Jina likitokea, ndiye huyo. Lisipotokea, tachipadi yako ina dereva mwingine, niandikie tena.

Ukiandika `sudo modprobe -r psmouse` anashuka papo hapo. Fundi wako bila shaka aliishia hapo. Kesho kompyuta ikiamka, tachipadi inajitaja, naye modprobe, ambaye ndiye kondakta, anamleta dereva wake bila kukuuliza.

Basi mwachie kondakta kikaratasi: faili `/etc/modprobe.d/tachipadi.conf` (lisipoishia na .conf halisomwi), lenye mstari mmoja tu, `blacklist psmouse`. Malizia na `sudo update-initramfs -u`, kwa sababu Ubuntu huamka kwa kifurushi kidogo chenye nakala yake ya orodha hiyo. Wengi huruka hatua hii, halafu lawama kwa Shangazi.

Ila blacklist humzuia asiitwe na kifaa. Mtu au programu ikimwita kwa jina lake, psmouse, anaingia kama kawaida. Akiwa mkaidi hivyo, ongeza `install psmouse /bin/false`: kondakta akitumwa kumleta, anarudi mikono mitupu. Kibodi usiihofie, ina dereva wake.

*Shangazi, wangu ni dereva wa Kosta kweli, na kila alfajiri yuko mlangoni.*
*Mama Wawili, Kiwira*

Mwanangu, wako hana faili. Badilisha kufuli.