Katogo Haina Mpaka

Mtu wa Dar es Salaam akikuambia "twende tukanywe chai", anakunywa chai kweli, na kajichapati pembeni. Kwetu Kibingo, wilayani Kyerwa, "karibu chai" ni lugha ya adabu tu. Kinachokuja mezani ni sufuria la katogo: ndizi zilizomenywa alfajiri, utumbo uliooshwa maji matatu, nyanya chungu, kijiko cha samli mwishoni, na juu yake mafuta yanaelea kama vijicho vinavyokukonyeza kabla hujanawa mikono.

Vijicho hivyo sasa vinawakonyeza wengine.

Aliyeniponza ni mkono wangu wa kushoto. Nilimpeleka mjukuu zahanati, anakohoa. Nesi, binti mdogo kabisa, akamaliza na mtoto kisha akanikazia macho mimi. "Babu, hebu na wewe nikupime presha." Akanivisha kile kitambaa, akapampu. Praa! Kikafyatuka. Akakifunga upya, praa! Mara ya tatu akamwita mwenzake aje ashikilie. Foleni nzima ikasahau kukohoa.

"Babu, asubuhi huwa unakula nini?"

Nikamtajia kimoja kimoja kwa madaha, kumbe natoa ushahidi dhidi yangu mwenyewe.

Nilitamani kumpa historia. Mwaka 1861 Mwingereza John Hanning Speke alifika kwenye ufalme wetu wa zamani wa Karagwe, kwa Omukama Rumanika, naye alikuwa na ugonjwa huohuo wa kupima watu. Alimpima shemeji wa mfalme: mkono peke yake, mzunguko wake karibu sentimita 58. Na hakupewa bure ruhusa hiyo. Ilibidi naye amwonyeshe mama yule mikono na miguu yake. Wanawake wa jamaa ya mfalme walinyweshwa maziwa mpaka kusimama kukawa kazi, na Speke alimkuta binti ananyonya chombo cha maziwa huku baba yake amekaa na fimbo, asije akaacha. Vipimo vile vilichapishwa kitabuni mwaka 1863, dunia nzima ikasoma. Changu kimeandikwa kwenye daftari la zahanati kwa wino mwekundu. Nchi ni ileile na mkono mnene ni uleule, ila siku hizi fimbo anashika nesi, na anakukataza.

Bodaboda alinitangulia kufika nyumbani na habari, kwa hiyo Mama watoto alinipokea na sheria tayari. Sufuria litabaki moja, akasema, lakini upande wa kulia ni maharage yangu makavu, upande wa kushoto ni utumbo wa wenye afya. Katikati akasimamisha jani la mgomba.

"Mama watoto, katogo ni mchanganyiko. Utachanganyaje kwa kutenga?"

"Wewe kula."

Nikala. Sisi watu wa Kyerwa tumepakana na Uganda na Rwanda, mpaka tunaujua, na jani la mgomba si mpaka. Mafuta yakishapata moto yanapita chini yake usiku na mchana bila kibali. Maharage yangu yalikuwa yanameta! Nikawa nakula huku nanung'unika kwa sauti kubwa, asije akashtuka. Siku ya nne nikapitiliza: nilinung'unika huku nachota mara ya tatu. Mama watoto akainama, akafunua jani, akachungulia. Kesho yake masufuria yalikuwa mawili, kila moja na upawa wake.

Fungu langu la utumbo akapewa mjukuu, eti apate nguvu kifua kipone. Lililobaki, kwa kuwa chakula hakitupwi, Mama watoto akajitolea kulimaliza mwenyewe. Kila asubuhi alikuwa analalamika kwamba ninamtwisha mzigo, huku anafuta sufuria kwa kipande cha ndizi.

Juzi nikarudi kupimwa, naye akanisindikiza asikie kwa masikio yake. Kitambaa kilifunga, kikatulia. Nesi akanipongeza, foleni ikanipongeza. Nikainuka taratibu kama mtu aliyeshinda kesi ya shamba.

"Na wewe Bibi, kaa hapo nikupime."

Praa!

Sikusema neno. Nilitazama dari la zahanati, nikahesabu mabati. Njiani kurudi nilimuuliza tu kama leo tupitie buchani, akanijibu kwa Kinyambo, na gazeti hili linasomwa na watoto.

Leo asubuhi sufuria limekuwa moja tena, la maharage, bila jani. Kando yake kuna kisufuria kidogo cha utumbo, cha mgonjwa. Tumekaa wawili na maharage yetu makavu tunamtazama anavyolamba vidole. Kifua chake kilipona tangu wiki iliyopita. Lakini kila Mama watoto anapogeukia kile kisufuria, mjukuu wangu anaweka kiganja mdomoni na kukohoa, kidogo tu, kwa heshima.