Mamba Anayetazama Kushoto

Katika ukoo wetu mimi ndiye mkaguzi wa nembo. Cheo hiki hakina mshahara wala marupurupu, kina lawama tu. Mtu akitoka Kariakoo na mfuko wake, kabla hata ya salamu ananisogezea kola: "Hebu angalia, hii orijino?" Nikisema ndiyo, sifa zote zake, anajua kuchagua. Nikisema hapana, nina wivu.

Mjomba alikuja na fulana ya Lacoste kutoka Mtaa wa Kongo. Mamba wa Lacoste hutazama kulia. Huyu wa mjomba alitazama kushoto.

"Shikamoo mjomba. Huyu mamba mbona kageukia huku?"

"Marahaba. Mamba ana uhai, ulitaka atazame upande mmoja mpaka lini?"

Tumtendee haki huyo mnyama: wapo mamba wanaotazama kushoto kihalali, ni wa kampuni ya Crocodile ya Singapore, na kampuni hizo mbili zimeburuzana mahakamani miaka mingi kwa ajili yao. Tatizo ni kwamba ndani ya kola ya mjomba paliandikwa Lacoste. Fulana moja ina baba wawili, na hakuna hata mmoja atakayeikubali.

Mjomba ana nafuu kuliko shemeji. Yeye alijipatia mkoba wa Louis Vuitton kwa shilingi elfu arobaini, "ofa ya Idi". Zile herufi na maua zilibuniwa mwaka 1896 na Georges Vuitton, mtoto wa mwenye jina, makusudi ili kuwakomesha walioiga masanduku ya familia yake. Ukipita Kariakoo utaona walivyokoma. Halafu kampuni yenyewe haina desturi ya kupunguza bei, iwe Idi iwe Krismasi, wala haijafungua duka Dar es Salaam. Shemeji hakutaka kusikia. Aliambiwa mzigo umeshuka moja kwa moja kutoka bandari ya Paris. Nikamuuliza bandari hiyo iko bahari gani, akaacha kuongea nami wiki nzima.

Mkoba ulijieleza wenyewe harusini. MC alipoita upande wa bwana harusi kutunza, shemeji akainuka, akasogea mbele kwa madaha, akavuta zipu. Zipu ikagoma. Akavuta tena, ncha ikabaki mkononi, na vidole vikawa na rangi ya dhahabu iliyokuwa kwenye chuma. Muziki ukaendelea, naye akaendelea kucheza mahali pamoja, noti zikiwa zimefungiwa ndani. Mwishoni ulipasuliwa kwa kisu cha keki. Nilipouokota niliangalia mshono: upande huu herufi nzima, upande wa pili nusu ua. Ulikuwa unanuka gundi kiasi cha kushindana na pilau.

Tume ya Ushindani ina mamlaka, chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, kukamata bidhaa bandia na kuziteketeza. Lakini Tume haiwezi kusimama na kila shemeji kwenye kila kibanda. Mnunuzi ana macho, pua na vidole vyake. Avute zipu, ageuze nguo ndani nje aone mishono, asome lebo ya kufulia kama imeandikwa na mtu aliyefika shule. Na muuzaji akimfuata mpaka kituo cha daladala huku bei ikishuka kila hatua, akumbuke kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Ajabu ni kwamba orijino nyingi nilizoziona mjini hazikuwa kwenye duka la kioo. Zilikuwa chini, kwenye mitumba ya Karume, zimeshafuliwa na wenyewe huko zilikotoka na bado zinadai maisha. Siku moja jirani yangu, ambaye naye siku hizi anajiita mtaalamu, aliitupa jinzi ya Levi's pale pale kwenye rundo. "Feki hii! Kile kitambaa chekundu cha mfukoni hakina jina, kina R tu ndani ya duara." Kweli hakikuwa na jina. Levi's wenyewe hushona baadhi ya jinzi zao hivyo hivyo. Nilimsifu kwa umakini wake, nikamsubiri apite kibanda cha pili, nikalipa elfu nane.

Basi ndugu zangu, kama bei ya orijino imetushinda, tusione aibu kununua nguo isiyo na jina la mtu, yenye kitambaa kizito na mshono ulionyooka. Nguo ya namna hiyo haina feki yake. Na aliyeshikilia lazima avae jina, basi avute zipu mara kadhaa kabla pesa haijatoka mfukoni, maana risiti ya ofa ya Idi huwa haiandikwi.