Mzee Kovu Apokea Mgeni

Saa saba usiku, Ngamiani, Tanga. Binti amelala chali kwa amri ya pua yake. Nyuma ya ndewe ya sikio la kushoto anaishi MZEE KOVU, mnene, anayeng'aa, mgumu. Puani, ubavuni mwa kipini kipya, amezuka KIPELE. Pua yenyewe ina wiki tatu tu tangu itogwe. Mezani, ndani ya kisahani, yuko BI KIPINI, dhahabu ya urithi. Dirisha liko wazi kwa sababu ya joto. (Msomaji anayedai kwamba vipele havisemi hajawahi kulala na kimoja.)

KIPELE: Shikamoo, mzee.

KOVU: Marahaba. Nani huyo anayenuka dawa ya meno?

KIPELE: Ni mimi, wa puani. Nimepakwa. Jana ilikuwa kitunguu saumu, juzi ndimu na magadi. Ngozi yote ya jirani imebabuka. Mzee, nasikia mimi na wewe ni ukoo mmoja. Binti amejitazama kwenye kioo akalia: "Nimeota keloidi nyingine!"

KOVU: (anacheka mpaka hereni inatikisika) Ukoo mmoja! Umekuja lini duniani?

KIPELE: Wiki iliyopita.

KOVU: Basi hunihusu. Mimi siji kwa pupa. Sikio hili lilitogwa Idi ya mwaka juzi. Kidonda kikapona, binti akabadilisha hereni, akaenda harusini, akasahau kabisa. Mwezi wa tano ndipo nilipoanza kumwasha, usiku tu, kidogokidogo. Keloidi wa kweli hungoja miezi mitatu, sita, pengine mwaka na zaidi. Wewe umetokea kidonda kikiwa kibichi, unatoa majimaji, ukiguswa unavuja damu. Wewe ni hasira ya kidonda, kijana. Wakiacha kukuchokoza utanywea.

KIPELE: Na wewe hunywei?

KOVU: Ninywee niende wapi? Tazama. Tundu la fundi lilikuwa hapa, na hapa ndipo ilipokuwa bikoni ya kiwanja. Kuna binamu yetu anakaa gotini kwa mdogo wake binti, pale alipoanguka na baiskeli. Alivimba vizuri tu, mwekundu, akawasha, lakini hakuvuka bikoni hata siku moja, na sasa amekwisha kujishusha mwenyewe. Watu humwita keloidi kwa kutojua. Yeye ni kovu lililonenepa, basi. Mimi nimevuka bikoni, nimechukua kiwanja cha jirani, na bado naongeza vyumba.

KIPELE: Hati unayo?

KOVU: Hati yangu ni damu. Baba yake binti ana ndugu yangu kifuani, palipokuwa na chunusi moja tu. Shangazi yake anaye begani, palipochomwa chanjo ya kifua kikuu. Weusi ndio wenyeji wetu wakubwa, Waasia pia wanatujua. Wazungu tunawatembelea kwa nadra. Tunapenda vijana, tangu miaka kumi hadi thelathini hivi. Tunapenda masikio, kifua, mabega na taya. Jina letu tulipewa Ufaransa, miaka zaidi ya 200 iliyopita, na daktari wa ngozi Jean-Louis Alibert. Mwanzoni alitudhania jamaa wa saratani, halafu akajirekebisha. Sisi si saratani wala hatuambukizi. Tunajaza nafasi tu.

BI KIPINI: Unajisifu nini, wewe? Zamani hukuthubutu. Mtoto wa kike alitogwa angali mchanga, kwa sindano na uzi, akapakwa mafuta ya nazi, yakaisha.

KOVU: Na mlininyima riziki bila kujua, bibi. Huko Marekani madaktari waliwachunguza watu waliotoga masikio, wakaona waliotogwa wakiwa na miaka 11 na kuendelea ndio wanaotupata zaidi kuliko waliotogwa wakiwa wadogo.

BI KIPINI: Mnasikia! Wazee walijua.

KOVU: Wazee hawakujua kitu. Sindano moja ilizunguka mtaa mzima.

(Kimya kidogo. Bi Kipini anageukia upande wa ukuta.)

MBUZI: (dirishani) Samahanini, nimesikia habari za hereni. Mimi na wenzangu tulitobolewa masikio tukavishwa hereni za kielektroniki, zile za kuhesabu mifugo. Mbona kwetu mzee huyu hakuja?

KOVU: Kwa wanyama sina kazi. Wataalamu wamehangaika miaka mingi kumpata panya au sungura atakayeota keloidi wa kweli, wamekosa. Mimi ni wa binadamu peke yake. Ndiyo maana hata dawa yangu inasuasua; hawana wa kumjaribia.

MBUZI: Kumbe lipo jambo moja ambalo hawawezi kutuchinjia? Alhamdulillahi. (Anaendelea kula kanga iliyoanikwa.)

(Mlango unasukumwa. Unaingia ujumbe kutoka jikoni: KITUNGUU SAUMU mbele, DAWA YA MENO nyuma, na SPIRITI anayeyumba kama kawaida yake. CHUMVI amebaki mlangoni.)

KITUNGUU SAUMU: Ndugu Kipele, tumekuja kumalizia matibabu. Mimi ni dawa ya asili. Sina kemikali.

KOVU: Moto nao ni wa asili.

KITUNGUU SAUMU: Nimetajwa tangu enzi na enzi.

KIPELE: Umeniacha na lengelenge, mzee wangu! Binti alikufungia plasta usiku kucha. Palipokuwa na uvimbe mmoja sasa pana uvimbe na kidonda cha moto.

DAWA YA MENO: Mimi nakausha.

KIPELE: Unakausha meno?

DAWA YA MENO: Sikuulizwa. Niliminywa.

SPIRITI: Nyie wote ni wababaishaji. Mimi naua wadudu. Asubuhi, mchana na jioni.

BI KIPINI: Na ngozi changa inayojaribu kufunga unaiua vilevile, kisha binti anaona pamechubuka anakuongeza. Nani aliwaita? Huyu mtoto hata hajaulizwa anaumwa nini. Kila mmoja wenu ameingia na jibu mkononi.

KITUNGUU SAUMU: Tuna uzoefu.

BI KIPINI: Uzoefu wa pilau. Hebu tumuulize huyu kipini kipya aliyekaa juu yake. Wewe, u dhahabu?

KIPINI KIPYA: Nimeandikwa dhahabu.

BI KIPINI: Umeandikwa kwenye kadi, si mwilini. Ndani una nini?

KIPINI KIPYA: (kwa sauti ya chini) Nikeli kidogo.

BI KIPINI: Basi. Ngozi nyingi haziipendi nikeli. Huwasha, zikatoa maji, zikavimba. Kwa tundu jipya hutafutwa titani ya kuwekwa mwilini, au dhahabu ya karati 14 kwenda juu. Tena mfupi huyu, anabana pua iliyovimba. Halafu rafiki yake binti amemshauri akizungushe kila asubuhi ili nyama isikishike. Kila asubuhi anachana kidonda. Halafu mtandio: mara ngapi umenaswa?

KIPELE: Kila akivaa haraka. Jana alipoitwa sokoni niliona nyota.

BI KIPINI: Pua hupona kwa miezi minne mpaka sita, ndewe, wiki sita au nane, ncha ya juu ya sikio yenye gegedu, miezi sita hata mwaka. Binti amekupa wiki tatu na msururu wa dawa.

KIPELE: Na je, nikigeuka jipu?

BI KIPINI: Hapo si mambo ya mezani. Akiona joto kali, maumivu ya kudunda, usaha mzito, wekundu unaotambaa au homa, ni hospitali siku hiyohiyo. Na asikivue kipini kwa papara, maana tundu linaweza kuziba na usaha ukabaki ndani. Kwenye gegedu la sikio ni hatari zaidi. Gegedu halina mishipa yake ya damu, wadudu wakiingia hulila, sikio likapona limekunjamana. Na wale wanaotoga gegedu kwa bastola ya dukani, ile ya plastiki isiyoweza kuchemshwa kwa mvuke wa hospitali, sijui niwaambie nini.

CHUMVI: (mlangoni) Mimi naweza kusema?

SPIRITI: Wewe huumi. Dawa isiyouma ni dawa gani?

CHUMVI: Ndiyo taabu yangu. Binti alinitumia siku moja, akaona sichomi, akanitia kijiko kizima ili niume. Nilichotaka ni robo kijiko cha chai ndani ya glasi ya maji yaliyochemshwa yakapoa, au anunue yale ya duka la dawa ya asilimia 0.9. Mara mbili kwa siku, kisha aniache. Ila neno "aniache" halipakiki, kwa hiyo hakuna anayelinunua.

KOVU: (anapiga miayo) Mkimaliza kumtibu mtoto, mnijie mimi. Mwaka jana kuna mtu mtaani alinikata kwa wembe, akaahidi nimekwisha. Nilirudi mkubwa kuliko mwanzo. Ukitukata tu, bila kuongeza tiba nyingine, nusu yetu au zaidi tunarudi, maana kila jeraha jipya kwetu ni mwaliko. Wengine wametufunga uzi tukauke. Uzi! Mimi nilioa jeraha, mtanitisha na uzi?

BI KIPINI: Safari hii anakwenda kwa daktari wa ngozi. Amekwishapata barua ya rufaa. Asipomkuta hapa atapanda basi hadi Moshi, KCMC, kwenye kile kituo kinachofundisha matabibu wa ngozi wa nchi nyingi za Afrika.

KOVU: (ananyamaza) Atanipiga sindano?

BI KIPINI: Triamsinoloni, ndani yako wewe mwenyewe, si pembeni. Kila baada ya wiki nne hivi, kwa miezi.

KOVU: Hiyo naijua. Inayeyusha nyuzi zangu taratibu, nalainika, nasinyaa. Lakini mwambieni inauma, na huweza kuacha doa jeupe au ngozi nyembamba.

BI KIPINI: Ataambiwa. Daktari akiona inafaa atakugandisha kwa naitrojeni ya maji, nyuzi 196 chini ya sifuri.

KOVU: Nayo huacha weupe kwenye ngozi nyeusi! Mwambieni!

BI KIPINI: Ataambiwa hilo pia. Ama utakatwa na mtu anayejua, kisha sindano zifuate, au mionzi siku hiyo au kesho yake kwa hospitali zenye mashine. Baadaye hereni ya kubana ndewe, na silikoni ya kubandika saa 12 au zaidi kila siku.

KOVU: Kwa muda gani?

BI KIPINI: Miezi.

KOVU: (anacheka tena, kwa raha kuliko mara ya kwanza) Saa 12 kila siku, kwa miezi, binti huyu? Huyu hakumaliza vidonge vya siku tano! Leteni sindano, leteni silikoni. Tarehe ya kwanza atakwenda, ya pili atakwenda, ya tatu kutakuwa na harusi.

BI KIPINI: Mama yake ndiye atakayeshika kadi ya kliniki.

KOVU: Mama yake? (Anajikuna mwenyewe.) Hilo hamkuniambia.

(Wiki tatu zinapita. Pua ina kipini cha titani, maji ya chumvi asubuhi na jioni, na mtandio unafungwa kwa adabu. Kipele amebaki alama ndogo, sauti yake haifiki sikioni. Mzee Kovu amepigwa sindano ya kwanza, amepungua kuwasha, na hapendi kuulizwa.)

KITUNGUU SAUMU: (kwa shangwe, kutoka jikoni) Mnaona? Nilisema nini? Nimemponya!

KIPELE: (kwa mbali) Wewe uliniunguza...

KITUNGUU SAUMU: Dawa ni chungu, mwanangu. Binti amekwisha kumwambia jirani, na jirani amewatumia akina mama wote kwenye kundi lao la WhatsApp. Leo asubuhi nimepanda bei.

KOVU: Hongera, daktari. Basi pita na huku nyuma ya sikio. Nimekaa tayari, hata plasta ipo.

KITUNGUU SAUMU: Ningekuja, mzee, haki ya Mungu. Ila leo kuna pilau.