Mhasibu Asiyekataa

Mhasibu wetu hajawahi kumnyima mtu saini. Umpelekee risiti ya mafuta, anasaini. Umpelekee ya mandazi, iliyoandikwa nyuma ya kadi ya harusi, anaguna kidogo, kisha anasaini. Kwa hiyo ofisi ilipoamua kusimba barua pepe zake kwa programu ya GnuPG, macho yote yalimgeukia yeye.

Kusimba si kazi. Kazi ni kujua ufunguo ni wa nani. Yeyote anaweza kujitengenezea ufunguo akauandikia jina la waziri. Katika PGP, programu ya Phil Zimmermann iliyotoka mwaka 1991 na ambayo GnuPG huifuata, kazi hiyo huachiwa watumiaji wenyewe: watiliane saini funguo zao. Lakini nani ofisini ana muda wa kuzunguka meza hadi meza? Ndipo huja saini ya dhamana. Unausaini ufunguo wa mtu mmoja, kwetu mhasibu, na kila ufunguo atakaousaini yeye, nawe unaukubali. Lakini awekewe mipaka, kama mshenga: unamtuma nyumba moja tu, asije akakuposea mtaa mzima.

Kompyuta huuliza maswali matatu. Kwanza, unamwamini kiasi gani? Waraka wa kanuni za mfumo huu, RFC 4880 wa mwaka 2007, ulitoa 60 kwa imani nusu na 120 kwa imani kamili. Pili, kina: 1 anadhamini watu; 2 anateua na wadhamini wenzake. Katibu muhtasi alishauri 2, kwa hoja kwamba mhasibu naye huenda likizo. Tatu, mipaka: dhamana yake ihesabike kwa anwani zipi?

Mipaka hiyo huandikwa kwa rejeksi, yaani kigezo cha maandishi. Ukiitajia GnuPG kikoa chako, inakuandikia kigezo yenyewe. Kijana wetu wa kompyuta aliona huo ni uvivu, akaandika chake kwa mkono. Tuseme kikoa chetu ni example.org: aliandika hivyo hivyo, kavu. Kumbe katika rejeksi nukta tupu hupokea herufi yoyote, hivyo exampleXorg nayo ni ndugu yetu. Na pasipo alama ya dola ya kufunga mlango mwishoni, example.org.example.net inaingia bila hodi.

Dada wa manunuzi, ambaye haamini hata mizani ya sokoni, alitengeneza ufunguo wenye anwani ya namna hiyo, akampelekea mhasibu pamoja na chai. Saini ikapatikana. Kompyuta zetu zote zikaukubali ufunguo ule.

Kijana akaweka mkwaju wa nyuma kabla ya nukta ili iwe nukta tu, na dola mwishoni, akatuhakikishia tulale usingizi. Dada akarudi na ufunguo mwingine: jina la mkurugenzi, anwani ya ofisi isiyo na kasoro. Na chai. Ukasainiwa, ukapita.

Mkurugenzi mwenyewe akaleta wake. Ukasainiwa, ukakwama, kwa sababu mzee hutumia anwani yake binafsi ya bure na hataki kusikia habari ya kubadilisha. Basi mkurugenzi wa bandia akawa halali, wa kweli akawa mgeni. Rejeksi haikukosea popote: iliulizwa kama anwani inaishia kwetu, ikajibu. Kuthibitisha mwenye anwani ni nani ilikuwa kazi ya binadamu, na binadamu huyo alikuwa anauliza kama chai ina sukari.