Kesi ya Maharage Yasiyo na Moshi

Nyumba za kupanga hapa Tarime aghalabu huwa na vyumba vingi na mita moja ya LUKU, na humo ndimo zilimozaliwa fitina nitakazozisimulia; kwani nyumba isiyozidisha uniti 75 kwa mwezi huuziwa uniti moja kwa shilingi 100 kabla ya kodi, ilhali ikiuvuka mpaka huo hupandishwa daraja ikalipa shilingi 292, nasi wapangaji, kwa wingi wetu, tulikuwa tukiuvuka mwezi haujafika nusu.

Mzee wa chumba cha mbele, mstaafu mwenye sauti ya mnadi, akajitawaza kadhi wa mita. Kupiga pasi kukawa Jumamosi tu. Na jiko la koili likaharimishwa kabisa, maana koili ya wati 1,000 ikiwaka saa moja imekwisha kula uniti nzima, na maharage, kama ajuavyo kila aliyewahi kuyangoja, hayaivi kwa saa moja.

Ikatukia kwamba mama wa chumba cha nyuma alikuwa akipakua maharage laini kila jioni, ilhali mchana kutwa mlangoni pake hapakuonekana moshi, wala gunia lake la mkaa halikupungua. Uani kwetu moshi wa jirani ni ithibati ya uadilifu wake. Asiyefuka ana siri. Likaitishwa ritongo, baraza la Wakurya lililozoea kesi nzito za wezi wa ng'ombe, liamue wizi wa uniti. Nami nikapewa ukarani kwa fadhila ya kumiliki kalamu.

"Karibuni ndani mpekue, mzee wangu," akasema mshitakiwa bila ya wahaka.

Koili haikuonekana. Kitandani, chini ya mabushuti mawili, palikuwa na kitu kilichojikunyata, na mzee, kwa haya, akarudi kinyumenyume huku akimwombea mgonjwa shifaa. Mgonjwa alikuwa sufuria. Mama yule akatufahamisha kwamba huyaroweka maharage usiku, huyachemsha barabara alfajiri tungali tumelala, kisha huifunika sufuria na kuizongazonga, na joto lililofungiwa humo huikamilisha kazi pasipo mkaa wala umeme.

Hukumu ikageuka darasa, na juma halikwisha ila sufuria za nyumba nzima zilikuwa zimelazwa. Lakini ulikuwa mwezi wa Julai, na baridi ya milima hii haina mzaha. Na mzee, mpenzi wa makande ya asubuhi, aliivika sufuria yake bushuti usiku kucha, naye akaenda Sirari kujinunulia hita ya wati 2,000 ili arudishiwe joto aliloyakirimu mahindi. Uniti zilipokwisha saa nane za usiku, na nyumba nzima ikazama gizani, ndiye aliyekuwa wa kwanza kutoka uani na tochi, akigonga mlango hata mlango na kutaka kujua ni nani aliyewasha koili.