Nyani wa Kichuguuni

Hapo kale, kwenye malisho ya vilima vya Kasanda, watoto wa wanyama walifundishwa mbio na walimu wawili. Nyani alikaa juu ya kichuguu, fito mkononi. Bibi Pofu alisimama chini, kwenye nyasi, pamoja na wanafunzi wake.

Msidhani Bibi Pofu alikuwa akibembeleza. Kilima kilipandwa mara mbili kila siku, na aliyekata njia alirudishwa chini akaanze upya. Ila kabla hawajaondoka alimwuliza kila mmoja: "Mjukuu wangu, umelalaje? Mguu je?" Nyani hakuuliza kitu. Kwake, aliyefika wa mwisho alisimamishwa mbele ya wenzake, akaitwa Konokono mpaka jua likazama, na wenzake wakalazimishwa kumcheka.

Mwaka wa kwanza vijana wa Nyani walishinda. Wazazi wakampelekea ndizi na mahindi mabichi. "Huyu ndiye mwalimu," wakasema. "Watoto wa siku hizi bila fito hawaendi."

Miongoni mwa wanafunzi wa Nyani alikuwamo ndama wa nyamera, mwepesi kuliko wote. Siku moja akategua kifundo cha mguu, asiseme. Kila alfajiri alishuka kinamasini, upande wa Moyowosi, akakipaka kifundo tope zito ili uvimbe usionekane, kisha akapanda kwenda mazoezini. Tumbo likawa linamsokota, tena siku za mazoezi tu. Mama yake akamchemshia majani, asijue kwamba maradhi yenyewe ni woga.

Siku moja tope likakauka, likabanduka, na Bibi Pofu akaona.

"Mwacheni!" Nyani akapaza sauti kutoka juu. "Hamjasikia habari za John Stephen Akhwari, yule binadamu wa Tanzania? Mwaka 1968, Olimpiki ya Mexico City, alianguka akaumia goti, na marathoni akaimaliza!"

"Tumesikia," akajibu Bibi Pofu. "Akhwari alikuwa mtu mzima, akaamua mwenyewe. Huyu ni mtoto, umemwamulia wewe, naye anakuogopa hata kusema anaumia."

Wazazi wakamfuata Nyani, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na ushindi. Siku ya mashindano nyamera alikimbia hadi katikati, akasikia fito ikigongwa kichuguuni, miguu ikagoma. Akabaki amesimama mbele ya umati, akitetemeka mwili mzima.

Msimu uliofuata Nyani hakuwa na wa kumfundisha. Baadhi ya watoto walihamia kwa Bibi Pofu. Wengine, na hao ndio wanaoniuma, hawakutaka kukimbia tena hata kwa mchezo. Nyamera alikuwa mmoja wao.

Baraza la wazee likakata shauri: fito ivunjwe, na Nyani akitaka kufundisha tena, ashuke kwanza apande kilima pamoja na watoto.

Mzazi mwenzangu, mwanao akirudi kutoka mazoezi ya UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, usianze kwa kumwuliza amekuwa wa ngapi. Mwulize kama anataka kwenda tena kesho, kisha nyamaza umsikilize.